Karibu nusu ya safari hupita kabla ya kijiko cha kwanza

Mwaka 2025 ulileta habari mbili kuhusu watoto wadogo wa dunia hii, na zote mbili zilisomwa vibaya. Ya kwanza ilikuwa makadirio mapya yanayotolewa kwa pamoja na UNICEF, Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia: mwaka 2024 watoto milioni 150.2 wenye umri chini ya miaka 5, yaani asilimia 23.2, walikuwa wamedumaa, maana yake walikuwa wafupi kupita kiasi kwa umri wao. Waliokumbuka toleo la 2023, lililotaja asilimia 22.3 kwa mwaka 2022, walikimbilia kusema kwamba udumavu umeanza kupanda. Ya pili ilikuwa uamuzi wa Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, Mei mwaka huohuo, wa kusogeza hadi 2030 malengo ya lishe yaliyowekwa mwaka 2012 ili yatimie 2025, likiwamo lile la kupunguza idadi ya watoto waliodumaa kwa asilimia 40. Hapo ikasemwa kwamba tumeshindwa kwa sababu chakula hakitoshi, na dawa ni kuongeza chakula.

Kosa la kwanza ni la hesabu, na halihitaji maneno mengi. Kila toleo la makadirio hayo hukokotoa upya mfululizo mzima wa miaka kwa kutumia takwimu mpya, kwa hiyo namba ya toleo moja hailinganishwi na namba ya toleo jingine. Ndani ya toleo lilelile la 2025, kiwango cha mwaka 2012 ni asilimia 26.4. Kimeshuka, ila kwa mwendo wa kuchosha: pointi 3 tu katika miaka 12. Barani Afrika, ambako idadi ya watoto inazidi kuongezeka, kiwango kinashuka huku idadi ya waliodumaa ikipanda, na lengo la 2012 liliwekwa kwa idadi, si kwa kiwango.

Kosa la pili ni zito zaidi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sehemu kubwa ya udumavu huamuliwa kabla mtoto hajaonja chakula chochote, akiwa tumboni mwa mama yake na katika miezi michache baada ya kuzaliwa. Sisi tunaupima kwa watoto hadi wa miaka 5, tunaupiga vita kwa bakuli la mtoto wa mwaka mmoja, kisha tunahangaika na urefu kana kwamba urefu wenyewe ndio maradhi. Tukiendelea hivyo, kusogeza tarehe kutoka 2025 hadi 2030 kutatupa miaka 5 mingine ya kufika tumechelewa.

Nianze na kipimo chenyewe, maana wengi wanaobishana kuhusu udumavu hawajawahi kuuona ukipimwa. Mtoto wa chini ya miaka 2 hulazwa chali kwenye ubao. Mtu mmoja hushika kichwa kiguse ncha ya juu, macho ya mtoto yakitazama juu moja kwa moja. Mwingine hukandamiza magoti taratibu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili husogeza kibao hadi kiguse nyayo. Mtoto hulia, hukunja miguu, hujipinda kiuno. Niliwahi kusimama upande wa magoti nikimsaidia muuguzi katika kliniki ya watoto, na nikaona jinsi vipimo viwili vya mtoto yuleyule, vilivyochukuliwa dakika moja mbali, vinavyoweza kupishana nusu sentimita kwa sababu tu mara ya pili mtoto alikuwa amechoka kulia akanyoosha miguu. Muuguzi alirudia mpaka akaridhika. Nyuma yetu foleni ya akina mama ilikuwa imefika mlangoni. Kumpima mtoto uzito ni kazi ya sekunde chache, na ndiyo maana mara nyingi utakuta kadi ya kliniki ina mstari mrefu wa uzito, na nafasi ya urefu iko tupu.

Nafasi hiyo tupu ina gharama. Ukondefu unaonekana: mbavu zinajitokeza, ngozi inalegea, mama anashtuka na kukimbilia hospitali. Udumavu hujificha. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu yaliyojaa na uzito unaolingana vizuri kabisa na kimo chake. Kilichopungua ni umri ulioandikwa mwilini mwake. Panapokuwa na wengi kama yeye, akisimama na wenzake hakuna anayeona tofauti. Mvulana wa miezi 24 ana urefu wa kati wa sentimita 87.8 akipimwa amelala. Akiwa chini ya sentimita 81.7, yaani chini ya mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha kitakwimu cha jinsi watoto wanavyotofautiana) kutoka kati, anahesabiwa kuwa amedumaa. Tofauti hiyo ni kama urefu wa kidole gumba cha mtu mzima. Nani ataiona kwa macho?

Hapa ndipo huingia hoja dhaifu kuliko zote zinazotolewa katika mjadala huu: kwamba watu wa mahali fulani ni wafupi kwa asili, babu zao walikuwa hivyo, na vigezo vinavyotumika ni vya watoto wa nchi tajiri. Hoja hii ilijibiwa zamani, tena kwa ushahidi uliokusanywa kwa uvumilivu mkubwa. Kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilifuatilia ukuaji wa watoto wapatao 8,500 katika nchi 6: Brazil, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Walichaguliwa watoto ambao mama zao hawakuvuta sigara, waliokuwa wakinyonya, na ambao hali ya maisha nyumbani haikuwazuia kukua. Walikua karibu sawa. Tofauti kati ya nchi na nchi ilieleza takriban asilimia 3 tu ya tofauti zote za urefu, huku takriban asilimia 70 ikiwa kati ya mtoto mmoja na mwingine ndani ya nchi hiyohiyo. Viwango vilivyotangazwa mwaka 2006, ambavyo ndivyo vinavyotumika leo, vimetoka hapo.

Kwa hiyo ni kweli kwamba kimo hurithiwa, baba mrefu huzaa mtoto mrefu, na katika jamii yoyote yenye afya wapo wachache, asilimia 2 na kidogo, watakaokuwa chini ya mstari bila tatizo lolote. Lakini jamii ambayo mtoto mmoja kati ya watatu au wanne yuko chini ya mstari haielezwi na damu ya ukoo. Hata pale mtoto anapoonekana kumfuata mama yake kwa ufupi, inabidi tuulize mama mwenyewe alipataje ufupi huo. Mara nyingi naye alizaliwa mdogo, akanyimwa na mazingira yaleyale, akashika mimba kabla mwili wake haujamaliza kukua. Anachomrithisha binti yake ni utoto wake mwenyewe.

Nirudi kwenye suala la wakati, kwa sababu ndilo kiini. Mtoto huzaliwa akiwa na sentimita 50 hivi. Mwaka wa kwanza huongeza takriban 25, mwaka wa pili takriban 12. Hatakimbia tena kwa kasi hiyo hadi atakapokufa, hata wakati wa kubalehe. Wakati wa mwendo wa kasi ndipo kikwazo kidogo huangusha zaidi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa tafiti zaidi ya 30 zilizofuatilia watoto kwa kuwapima mara kwa mara katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Matokeo yake yalipaswa kubadilisha mipango ya lishe kila mahali: kipindi ambacho watoto wengi zaidi huingia katika udumavu kwa mara ya kwanza ni kati ya kuzaliwa na miezi 3, na Asia Kusini wengi walikuwa tayari wamedumaa siku waliyozaliwa. Waliofanikiwa kuvuka na kurudi juu ya mstari kabla ya miezi 15 walikuwa wachache, na wengi wao waliporomoka tena, hasa wale waliozaliwa wakiwa wafupi.

Tumezoea kusema siku 1,000 za kwanza. Msemo huo ni sahihi, ila tunauhesabu kuanzia mwisho. Siku 270 za mwanzo kati ya hizo 1,000 mtoto yuko tumboni. Siku 180 zinazofuata anapaswa kunyonya maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji. Jumla ni 450. Karibu nusu ya safari imekwisha kabla ya kijiko cha kwanza kugusa mdomo, na katika siku zote hizo mtu wa pekee anayeweza kumlisha mtoto ni mama yake, kwa mwili wake. Ukitazama kwa macho hayo, upungufu wa damu kwa mjamzito, malaria inayojificha kwenye kondo la nyuma, mimba ya binti wa miaka 16 ambaye mifupa yake na ya mtoto wake inagombania madini yaleyale, na mimba inayofuata nyingine kabla mwili haujarudisha akiba yake, vyote hivyo ni mambo ya udumavu. Mwaka 2020 watoto milioni 19.8 walizaliwa na uzito chini ya kilo 2.5. Utafiti uliokusanya takwimu za nchi nyingi na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa takriban sehemu moja ya tano ya udumavu wa utotoni hutokana na mtoto kuzaliwa akiwa mdogo kuliko umri wake wa mimba. Hata hivyo, kwenye mipango mingi lishe ya mtoto iko idara moja na huduma ya wajawazito iko idara nyingine, kila moja na bajeti yake na taarifa zake.

Wanaosema tatizo ni chakula cha mtoto wana hoja, tena nzito, na sitaki kuipitia juujuu. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo mno. Kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa lishe, hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 hujaa kwa mililita 240, kikombe kimoja. Mama aliyechoka, aliyetoka shambani au kazini jioni, akiongeza maji kwenye uji ili uwe mwepesi kumezwa, anajaza kikombe hicho kwa maji. Mtoto anashiba, anageuza uso, analala. Mama ameona kwa macho yake kwamba mwanawe amekula akashiba, na hajadanganyika. Tumbo limejaa kweli. Kilichokosekana ni mafuta, protini, madini ya chuma na zinki, vitu ambavyo havijazi tumbo lakini bila hivyo mfupa haurefuki. Ndiyo maana mahali panaweza kuwa na maghala yaliyojaa nafaka na bado pakawa na watoto waliodumaa. Neno utapiamlo linaeleza jambo hilo vizuri kuliko neno njaa, na ni bahati mbaya kwamba kwenye hotuba nyingi maneno hayo mawili hutumika kama kitu kimoja.

Lakini tazama kile ambacho majaribio ya chakula yenyewe yameonyesha. Ecuador, mwaka 2017, watafiti walitangaza kwamba watoto waliopewa yai moja kwa siku kwa miezi 6, wakianza wakiwa na miezi 6 hadi 9, walipungukiwa na udumavu kwa asilimia 47. Dunia ikafurahi. Jaribio kama hilo likarudiwa Malawi, na matokeo yake yaliyotolewa mwaka 2019 hayakuonyesha mabadiliko ya urefu. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba watoto wa eneo lile la Malawi tayari walikuwa wakila samaki. Yai huziba pengo pale ambapo pengo ni la yai. Kuna pia vile virutubishi vya kuongeza kwenye chakula vilivyotengenezwa kwa mafuta, anavyopewa mtoto wa miezi 6 hadi 24 kwa kiasi kidogo kila siku. Majaribio 14 yaliyowahusisha watoto zaidi ya 37,000 yalipojumlishwa, udumavu ulipungua kwa asilimia 12. Uchambuzi mwingine wa virutubishi hivyohivyo ulionyesha vifo vikipungua kwa asilimia 27. Hiyo peke yake inatosha kuvitetea, nami navitetea bila kusita. Ila asilimia 12 maana yake ni kwamba katika kila watoto 100 ambao wangedumaa, 88 wamedumaa vilevile. Mwaka 2013 jarida la The Lancet lilikadiria kwamba hatua 10 zilizothibitishwa za lishe, zikifikia asilimia 90 ya wanaozihitaji, zingepunguza udumavu kwa sehemu moja ya tano. Zile sehemu nne zilizobaki ziko nje ya bakuli.

Wengine wakasema sehemu hizo ziko chooni. Hoja yao ilikuwa na mantiki: mtoto anayetambaa kwenye uchafu humeza vimelea kila siku, utumbo wake huvimba kidogo kidogo bila kuharisha, hushindwa kufyonza virutubishi vizuri, na mwili ulio vitani na maambukizi hupunguza homoni zinazoamuru mifupa kurefuka. Biolojia hiyo ni ya kweli. Ndipo yakaja majaribio makubwa, Bangladesh na Kenya mwaka 2018, kisha Zimbabwe mwaka 2019. Familia zilipewa vyoo bora, vifaa vya kunawa mikono na dawa ya kutibu maji. Urefu wa watoto haukubadilika popote. Zimbabwe, kundi lililopata elimu ya ulishaji pamoja na virutubishi lilishuka kutoka asilimia 35 ya udumavu hadi 27. Kundi la vyoo na maji halikusogea. Baadhi ya watu walitoka hapo wakisema fedha za maji na vyoo zimepotea bure, nami sikubaliani nao hata kidogo. Kilichojaribiwa kilikuwa choo cha shimo cha nyumba moja na chupa ya dawa ya maji, katika mazingira ambayo kuku, vumbi na majirani hawakubadilika. Mifereji, maji ya bomba ndani ya nyumba na sakafu isiyo ya udongo havikujaribiwa. Isitoshe, Bangladesh kuharisha kulipungua, na mama asiyebeba maji ya kisima kichwani akiwa na mimba ya miezi 8 ni faida ambayo ubao wa kupimia mtoto hauwezi kuisoma.

Hilo linanifikisha kwenye hoja ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote dhidi ya namna tunavyolizungumzia jambo hili. Wapo watafiti makini wanaosema tuache kuutumia udumavu kama kipimo cha mafanikio. Ufupi, wanasema, haumdhuru mtoto. Unakwenda pamoja na madhara kwa sababu vyote vina chanzo kimoja, yaani mazingira duni. Unaweza kutibu madhara na urefu usibadilike, na unaweza kubadili urefu kidogo bila kutibu madhara. Ushahidi wao bora umetoka Kingston, Jamaika. Katikati ya miaka ya 1980 watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, waliandikishwa katika utafiti. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka 2 na mhudumu wa afya wa jamii, aliyemfundisha mama kucheza na mtoto, kumwonyesha vitu, kuvitaja majina, kumsifu anapojaribu. Michezo hiyo haikuwaongezea urefu. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa, wakiwa wamewafikia watu wa rika lao ambao hawakudumaa.

Mimi sikubali kwamba kipimo kiachwe, kwa sababu hakuna kingine kinachoweza kusimulia kwa namba moja tu jinsi jamii inavyowatunza wajawazito na watoto wake. Lakini nakubali karibu yote mengine, na natamani kila anayehudumia watoto angeyasikia. Mama huambiwa, wakati mwingine mbele ya foleni, kwamba mtoto wake amedumaa, kwamba ubongo wake umeharibika na baada ya miaka 2 hakuna la kufanya. Hakuna utafiti unaoruhusu mtu kumwambia mama mmoja maneno hayo. Takwimu za udumavu huzungumzia maelfu ya watoto kwa pamoja. Juu ya huyu aliyelala kwenye ubao leo, zinasema tu kwamba kuna kitu kilimpungukia na kinafaa kutafutwa. Mama anayerudi nyumbani akiamini mwanawe ameharibika atazungumza naye kidogo zaidi, atamsomesha kwa moyo mdogo zaidi, na Jamaika imetuonyesha jinsi mazungumzo hayo yalivyo na uzito. Mtoto aliyekosa kimo hajakosa akili, na kila mwezi wa kucheza naye una thamani.

Na bado chakula cha mapema kina kazi yake katika mwili huohuo. Guatemala, kati ya 1969 na 1977, vijiji viwili vilipewa kinywaji chenye protini na vingine viwili kinywaji kitamu kisicho na protini. Watu wale walipotafutwa wakiwa watu wazima, wanaume waliokipata kile cha protini tangu kuzaliwa hadi miaka 2 walikuwa na ujira wa saa uliozidi kwa asilimia 46. Waliokipata baada ya miaka 3 tu hawakuonyesha faida hiyo. Kwa wanawake tofauti ya ujira haikuonekana, jambo linalotukumbusha kwamba mwili ulioshiba unahitaji pia soko la kazi linaloufungulia mlango.

Ukitaka kujua ni nini hasa kilichoshusha udumavu kwa kiasi kikubwa, tazama nchi nzima badala ya majaribio. Brazil ilitoka asilimia 37.1 katikati ya miaka ya 1970 hadi 7.1 mwaka 2006 na 2007. Watafiti walipochambua miaka ya mwisho ya safari hiyo, theluthi mbili za kushuka zilielezwa na mambo manne: mama kuwa na elimu zaidi, familia kuwa na uwezo zaidi wa kununua, huduma za afya ya uzazi na mtoto kuwafikia watu, na maji na mifereji ya majitaka. Peru ilishuka kutoka takriban asilimia 28 mwaka 2008 hadi 13 mwaka 2016, ikiwapa familia maskini fedha mkononi kwa sharti la kufika kliniki, na ikifunga bajeti ya serikali kwenye matokeo yanayopimwa. Hakuna hata mojawapo iliyopata kirutubishi cha ajabu. Zote mbili zilibadilisha maisha ya mama kabla na baada ya kujifungua, wakati huohuo, kwa miaka mingi mfululizo.

Kinachofuata kutokana na haya yote kinagusa fedha moja kwa moja. Machi 2025 mkutano wa lishe uliofanyika Paris uliahidi zaidi ya dola bilioni 27. Mwaka huohuo Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, na programu nyingi za lishe zikakatika katikati. Fedha zinapokuwa chache, kila nchi italazimika kuchagua, na hofu yangu ni kwamba itachagua kile kinachopigwa picha vizuri: mtoto wa mwaka mmoja na pakiti mkononi. Ningependa uchaguzi uanze mapema zaidi ya hapo. Vidonge vyenye vitamini na madini 15 kwa wajawazito viliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na vinapunguza kuzaliwa kwa watoto wenye uzito pungufu kuliko vile vya zamani vya chuma na foliki peke yake. Lakini kidonge kinachotolewa katika mwezi wa sita wa mimba kimekosa nusu ya kazi, kwa hiyo swali halisi ni mjamzito anafika kliniki mwezi gani, na kwa nini anachelewa. Mara nyingi jibu ni umbali, nauli, au aibu ya mimba ya utotoni, na hakuna mtaalamu wa lishe anayeweza kulitatua akiwa peke yake.

Halafu kuna miezi 6 ya kunyonyesha. Duniani, chini kidogo ya nusu ya watoto wa umri huo ndio wanaonyonya maziwa ya mama pekee, asilimia 48. Tunawahimiza akina mama, tunabandika mabango, kisha tunawarudisha kazini. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 kuhusu ulinzi wa uzazi unataka likizo isiyopungua wiki 14. Hizo ni siku 98, wakati ushauri wa afya ni siku 180. Siku 82 zilizobaki kati ya namba hizo mbili ndimo maziwa ya kopo yanamoingia, ndimo uji wa miezi 4 unamoingia, na mwanamke asiye na ajira rasmi hata hizo 98 hana. Anayezungumzia udumavu bila kugusa sheria ya kazi ameacha nje karibu robo ya mwaka wa kwanza wa mtoto.

Ningependa pia taarifa zetu zibadilike. Pamoja na namba moja ya watoto wote chini ya miaka 5, zitolewe namba za watoto wa chini ya miezi 6, urefu wao siku ya kuzaliwa, na kiwango cha damu cha mama katika hudhurio lake la kwanza. Namba ya jumla inabeba watoto waliodumaa miaka 3 iliyopita, kwa hiyo hata nchi ikianza leo kufanya kila kitu sawasawa, itaonekana imeshindwa kwa miaka kadhaa, na waziri asiye na subira ataifuta programu iliyoanza kuzaa matunda. Namba za wachanga zingemwonyesha mabadiliko ndani ya miezi 18.

Hesabu ya 2030 yenyewe iko wazi. Watoto watakaopimwa mwaka huo wakiwa na umri wa kukaribia miaka 5 walizaliwa tangu mwaka 2025, wakati mkutano ule ukiamua kusogeza tarehe, na urefu wao wa mwanzo umeshaandikwa. Wale watakaopimwa wakiwa na miaka 2 watatungwa mimba mwaka 2027. Mama zao wengi leo ni wasichana walio shuleni au walioachishwa shule, na hakuna kadi yoyote ya kliniki yenye majina yao.